Ujasiri wa Wasomaji wa Buganda

Katika somo letu la leo la historia tutatafuta jibu la swali moja: mtu hupata wapi ujasiri wa kushika imani yake, hali ajua kwamba itamletea kifo? Twendeni Buganda, katika miaka ya 1885 hadi 1887.

Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza walifika huko mwaka 1877, na mapadre Wakatoliki kutoka Ufaransa mwaka 1879. Waliojiunga nao waliitwa wasomaji, maana kuingia dini kulikuwa pia kujifunza kusoma. Vitabu vya Kiluganda vilikuwa bado haba, kwa hiyo wengine walianza na vitabu vya Kiswahili. Mwaka 1882 mapadre waliondoka, wakakaa kusini ya ziwa hata mwaka 1885. Mtu angedhani dini yao ingekufa. Haikufa. Wasomaji walifundishana wenyewe, aliyejua kidogo akimwonyesha asiyejua. Likumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Mwaka 1884 Kabaka Mutesa alifariki, na mwanawe Mwanga, aliyekuwa bado kijana, akashika utawala. Mwanga alikuwa na hofu. Alisikia kwamba Wazungu wanatwaa nchi upande wa pwani, tena aliona watumishi wa jumba lake wakitii amri nyingine kuliko yake. Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana waliuawa. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Yosefu Mukasa, mkuu wa watumishi wa ndani, alimlaumu Kabaka waziwazi kwa mauaji hayo. Tena aliwakinga vijana wasitendewe mambo ya aibu. Tarehe 15 Novemba 1885 akauawa yeye. Siku ile ile Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi yake, alibatizwa. Tazameni, ndugu zangu: wakati ambapo mwingine angetafuta njia ya kutoka, yeye ndipo alipoingia.

Mwezi Mei 1886 hasira ya Kabaka iliwaka huko Munyonyo. Usiku ule Lwanga aliwabatiza vijana wanne, mmoja wao Kizito, mwenye umri wa miaka 14 hivi. Kesho yake Kabaka aliamuru wanaosali wajitenge na wenzao. Lwanga alitangulia, vijana wakamfuata. Walifungwa kamba wakapelekwa kwa miguu hata Namugongo. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa jamaa ya mkuu wa wauaji, naye alisihiwa sana akane. Alikataa. Tarehe 3 Juni 1886 walifungwa katika mikeka ya matete, wakachomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Vijana wachache waliachiliwa dakika ya mwisho, nao ndio waliosimulia baadaye. Mpaka Januari 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 walikuwa wameuawa. Wala tusisahau Waislamu waliouawa kwa ajili ya dini yao miaka kama kumi nyuma, wakati wa Mutesa.

Basi, ujasiri huo ulitoka wapi? Haukuwa wa kuzaliwa nao, wala si kwamba hawakuupenda uhai. Kwanza, waliamini kweli kwamba Kristo alipita katika mauti kabla yao, na kwamba mauti si mwisho. Pili, imani hiyo walikuwa wameifanyia kazi miaka mingi, hata bila padre. Haikuwa nguo ya kuazima. Tatu, hakuna aliyesimama peke yake. Mkubwa alitangulia, na mdogo alikuwa na wa kumfuata.

Mwanga aliondolewa katika kiti mwaka 1888, akarudi, na mwishowe akahamishwa mbali. Alifariki Shelisheli mwaka 1903, naye alikuwa amebatizwa. Dini aliyotaka kuizima ilimfikia mwenyewe. Wale Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu mwaka 1964, na leo tarehe 3 Juni ni siku ya mapumziko Uganda nzima.

Maswali ya kuzungumza katika makundi yenu:
1. Kwa nini wasomaji hawakutawanyika mapadre walipoondoka?
2. Mwanga aliogopa nini, na je, hofu yake ilikuwa na sababu?
3. Katika kijiji chenu, ni nani wanaowatangulia vijana katika kusema kweli?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.