Nyumba ya Msonge Iliishia Wapi Shinyalu?

Wasee, Krismasi iliyopita nilifika ushago Shinyalu nikapata anko ameshabomoa jiko la kukhu, nyumba ya mwisho ya msonge bomani kwetu. Pale pale kumechimbwa msingi wa mezoneti. Ramani aliitoa mtandaoni; iweke Ruaka ama Kitengela, hutaona tofauti.

Niliwaka. Lakini msonge haukuanza kufa na anko. Mwaka 1901 serikali ya mkoloni ilileta kodi ya nyumba, na kilichohesabiwa ni nyumba, si mtu. Mzee mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu. Kubanana chini ya paa moja ikawa akili. Kisha wamisionari wa Mill Hill wakafungua misheni Mukumu 1906, na aliyetoka shule akataka kuta za pembe nne na mabati. Na tusidanganyane, mabati yanakinga maji ya mvua, na mvua ya Kakamega si mchezo. Nyasi za kuezeka nazo utazitoa wapi, shamba likishagawanywa vipande?

Kinachoniuma ni hiki: nenda Buyangu, ndani ya Msitu wa Kakamega, wageni wanalipa kulala kwenye banda za msonge za nyasi. Sisi wenyewe hata simba tunajenga kama boksi.

Nilimwambia anko tujenge angalau jiko la mviringo. Akacheka, "We utalala humo?" Nikanyamaza. Kukhu aliuliza tu chungu chake cha Ilesi kitakaa vipi juu ya gesi.