Kutoka Lumumba hadi Chang'ombe: njia ya wanaowafundisha walimu

Safari hii huanzia Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Hapo, Oktoba 1961, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la chama cha TANU kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Ualimu haukuwamo. Aliyetaka kuusomea kwa ngazi hiyo alikwenda Makerere, kama Julius Nyerere miaka ya 1940.

Kutoka hapo, panda daladala hadi Mlimani. Chuo kilihamia huko 1964, na mwaka huohuo ikaundwa Idara ya Elimu, ndani ya Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii. Ilikaa kama mpangaji hadi 1989, ilipopata kitivo chake. Miaka 25 si michache. Naamini ndiyo iliyomzoesha mhadhiri wa elimu kusimama miguu miwili: kwa wenzake wa historia na fizikia athibitishe kuwa ni msomi, na huko shuleni athibitishe kuwa bado ni mwalimu.

Mtazame wakati wa mazoezi ya kufundisha. Amekaa dawati la nyuma, fomu ya tathmini mkononi, andalio la somo limefunguliwa mbele yake. Anaangalia kama malengo yanapimika, kama ubao unasomeka, kama yule mtoto wa pembeni ameulizwa swali hata moja. Kipindi kikiisha anamwita mwalimu mwanafunzi kando, wanapitia somo hatua kwa hatua. Kwangu mimi, hapo ndipo taaluma yake ilipo. Lakini akirudi chuoni, kinachompandisha cheo zaidi ni machapisho.

Kituo cha mwisho ni Chang'ombe. Mwaka 2005 chuo cha ualimu cha hapo kiligeuzwa kuwa DUCE, chuo kikuu kishiriki, sambamba na Mkwawa kule Iringa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulikuwa umeanza 2004, shule za kata zinajengwa kila upande, na walimu hawatoshi. Vyuo hivyo vilizaliwa kwa ajili ya darasa la sekondari.

Basi vyuo vikuu viupe usimamizi wa mazoezi uzito uleule wa makala ya jarida mhadhiri anapopimwa, na vimpe nafasi ya kurudi kufundisha sekondari walau muhula mmoja kila baada ya miaka michache.