Mlima Gelai Uko Nairobi

Babu yangu alikuwa akisema treni zina majina kama watu. Nilidhani ni utani wa wazee. Sisi wa Geita hatuna reli. Enzi hizo ili uione treni ilibidi uvuke Busisi kwa kivuko, ufike Mwanza, usubiri ile ya Tabora. Reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928, pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam. Babu aliipanda miaka ya sitini. Safari yenyewe hakuisimulia sana. Alichokumbuka ni kibati chenye jina, ubavuni mwa kichwa cha treni. Jina alikuwa amelisahau.

Kumbe hakuwa anatania. Injini za mvuke za Reli ya Afrika Mashariki, daraja la 29, 30 na 31, zilipewa majina ya makabila yetu. Daraja la 60 zikapewa majina ya magavana. Hayo yaling'olewa baadaye, na sishangai. Daraja la 59 ndizo zilizopewa milima.

Hizo za milima zilikuwa 34, zikatengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, ikikimbia kwenye reli ya upana wa mita moja tu! Siri ni muundo wake: bwela moja kubwa katikati, limebebwa na seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, kila seti na silinda zake. Kwa hiyo dude zima linajikunja kwenye kona. Kazi yao kubwa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Mbili zimebaki, Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upare. Jirani yao kuna namba 3020, Nyaturu, jina la watu wa Singida. Yaani ukitaka kuwaona Watanzania hawa watatu, panda basi uende Kenya.

Siwalaumu Wakenya. Makumbusho yao ya reli yalifunguliwa mwaka 1971, shirika likiwa bado letu sote; lilivunjika 1977. Wao walihifadhi. Tena Gelai na Nyaturu ziliwahi kuwashwa upya zikavuta treni za matembezi.

Hata Waingereza walikaribia kuzipoteza zao. Agosti 1968 treni ya mwisho ya mvuke ya shirika lao ilikimbia kwenye njia kuu, kisha mvuke ukapigwa marufuku. Mwaka 1971 King George V ikaruhusiwa kurudi, na leo watu wanalipa nauli kuvutwa na mvuke kutoka Fort William hadi Mallaig. Flying Scotsman ilipona kwa sababu mtu mmoja, Alan Pegler, aliinunua mwaka 1963. Kiwanda kilichomzaa Gelai hakikupata mtu wa namna hiyo, kikafungwa 1966.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, nilivuka bila kusubiri kivuko, nikaenda moja kwa moja stesheni ya Mwanza. Nilikuta dizeli. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya stesheni ya Shinyanga au Malampaka, itazame vizuri ubavuni mwa injini. Jina likisomeka, niandikie.