Kompyuta Ikikataa Kufunguka: Okoa Mafaili Kabla ya Kupiga Windows Mpya



Laptopu ya nyumbani inawaka, alama ya Windows inatokea, kisha skrini inakuwa ya buluu au inabaki nyeusi, inajizima na kujiwasha upya bila ya kufika popote. Ndani yake mna picha za marehemu bibi, hesabu za madeni ya duka, rasimu ya wasia na kazi za skuli za watoto. Inapelekwa kwa fundi, naye anasema: "Tupige Windows mpya." Mwenye kompyuta anakubali bila ya kuuliza. Mara nyingi mafaili hupotea hapo, si pale Windows ilipoharibika.

Ni muhimu kufahamu kwamba Windows ni kitu kimoja na mafaili yako ni kitu kingine, ingawa vyote vimo katika diski moja. Mfumo umekaa katika folda iitwayo Windows. Vitu vyako vimo katika folda ya Users, chini ya jina unalotumia kufungulia kompyuta: humo ndimo zilimo Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Umeme ukikatika wakati kompyuta inajisasisha, mafaili machache tu ya mfumo yakiharibika yanatosha kuizuia isifunguke, na picha zako zikawa salama zote.

Kabla ya lolote, isikilize. Ikiwa diski inatoa sauti ya kugonga au kukwaruza, zima na usiiwashe tena. Hilo si tatizo la Windows. Diski yenyewe inakufa, na kila dakika inayozunguka inazidi kujiumiza. Hapo pia usikubali kuendeshewa chkdsk, kwani kazi yake ni kutengeneza mpangilio wa diski, si kuokoa picha, na huichosha diski iliyo dhaifu. Hiyo inahitaji fundi wa kuokoa data, naye ataanza kwa kunakili diski nzima.

Ikiwa haina sauti mbaya, jaribu njia iliyo nyepesi. Windows ikishindwa kufunguka mara kadhaa mfululizo, huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Command Prompt. Andika neno notepad na ubonyeze Enter. Kitafunguka kijidirisha cha kuandikia. Nenda File, kisha Open, na chini yake badilisha ionyeshe All Files. Dirisha hilo dogo sasa linakuonesha diski yako yote. Chomeka flashi au diski ya nje, nakili folda yako kwa kitufe cha kulia cha mausi, kaibandike huko. Usishangae herufi za diski zikibadilika, ile uliyoizoea kuwa C ikawa D. Wala hutaona mstari wa kuonesha maendeleo, kwa hiyo itaonekana kama imeganda. Subiri.

Ukurasa huo usipokuja, tumia kompyuta ya jirani kutengeneza flashi ya Ubuntu. Flashi ya GB 8 au zaidi inatosha, na programu ya bure iitwayo Rufus hufanya kazi hiyo. Kila kilichokuwemo katika flashi hiyo kitafutika. Ichomeke katika kompyuta mbovu, iwashe huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, uchague flashi. Ubuntu ikiuliza, chagua kuijaribu, usichague kuisakinisha. Wakati mwingine itakwambia diski inasomeka tu na haiandikiki, kwa sababu Windows haikuzimwa sawasawa. Hilo halina tabu, wewe unataka kusoma na kunakili. Video ndefu ya harusi ikikataa kuingia katika flashi, huenda flashi ni ya FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Tumia iliyofomatiwa kwa exFAT.

Njia ya tatu ni kuitoa diski na kuichomeka katika kompyuta nzima kwa kifuko au waya wa USB. Ukiambiwa huna ruhusa ya kufungua folda, bonyeza Continue na usubiri. Ikikataa bado, ingia Properties, Security, Advanced, ubadilishe jina la mmiliki liwe lako.

Kizuizi cha kweli ni kufuli la BitLocker. Kompyuta nyingi za Windows 11 hujifunga nalo zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na wengi hawajui. Hapo hutakiwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti hiyo hiyo. Ingia kwa simu ukautafute sehemu ya vifaa vyako. Bila ya ufunguo huo hakuna njia ya kupita, na anayekuahidi atauvunja anakula pesa yako. Wakati umo katika akaunti hiyo, tazama pia OneDrive. Pengine Desktop na Documents zimo humo tayari.

Na kama Windows mpya imeshapigwa? Tafuta folda ya Windows.old. Ikiwa fundi hakufomati diski, mafaili yatakuwa ndani yake, lakini yanakili upesi, kwani baada ya siku 10 hivi Windows huweza kuifuta yenyewe. Ikiwa alifomati, acha kuitumia kompyuta hiyo na ujaribu PhotoRec, ambayo huokoa picha ila hazirudi na majina yake. Katika diski za SSD matumaini ni madogo, maana vilivyofutwa husafishwa haraka.

Tukirudi kwa fundi, picha za wanawake wa nyumbani bila ya stara ni amana nzito kuliko kompyuta yenyewe. Kaa naye anaponakili, au mtume kaka au mume akae. Mwambie anakili moja kwa moja katika diski yako, si katika kompyuta ya duka. Akisema lazima aiache kwake mpaka kesho, toa diski uondoke nayo, au tafuta fundi mwingine.