Jembe, Nyumba na Kadi ya Chama

Wapo wanaoieleza Tanzania ya chama kimoja kana kwamba wakubwa walisema na wananchi wakapiga makofi, basi. Wapo pia wanaoikumbuka kama enzi ya neema ambapo kila mtu alikuwa na sauti. Makundi yote mawili nayapeleka kwenye uchaguzi wa Septemba 1965.

Mwaka 1960, katika uchaguzi wa kuelekea Uhuru, TANU ilijizolea viti 70 kati ya 71, na viti 58 vilipata wenyewe bila hata kura moja kupigwa. Mwalimu Nyerere aliona hatari yake: chama kisicho na mpinzani kinazaa mbunge asiyemjua mpiga kura. Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ikatafuta dawa, na chini ya Katiba ya Muda ya 1965 utaratibu ukawa hivi. Mkutano wa chama wa wilaya uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na wananchi wakamchagua mmoja. Wagombea hao walipanda jukwaa moja, wakipigwa marufuku kutaja kabila, dini au rangi. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. (Kila mmoja alijua kuitetea alama yake, na utani haukukosekana.)

Matokeo yaliwashtua wengi. Mawaziri 2 walianguka pamoja na mawaziri wadogo kadhaa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwanzilishi mashuhuri wa ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa, alibwagwa Mwanza, nyumbani kwake. Morogoro nako, Amir Jamal, Mtanzania wa asili ya Kiasia, alimshinda mpinzani Mwafrika. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuchunguza uchaguzi huo jimbo kwa jimbo, na kitabu chao, kilichohaririwa na Lionel Cliffe, kilitoka mwaka 1967.

Kura hiyo basi haikuwa mchezo wa kuigiza. Lakini ilimfikia mtu tu, haikuifikia sera. Jembe na nyumba walikuwa na ilani moja. Azimio la Arusha la 1967 halikupelekwa kwa mpiga kura. Mwaka 1973 ilipotangazwa kwamba kuhamia vijijini ni lazima, na watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu, mkulima aliyeacha mikorosho yake alikuwa na uwezo wa kumwondoa mbunge wake mwaka 1975. Mgombea wa kusema "turudini" hakuwepo kwenye karatasi.

Na hata huyo mbunge hakuwa wa wananchi peke yao. Mwaka 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, akiwemo Joseph Kasella Bantu, mmoja wa waasisi wa chama. Kadi ilipokwenda, kiti kikaenda. Waliowapigia kura hawakuulizwa. Nionavyo mimi, anayetaka kuielewa siasa yetu aanzie hapo kabla ya kufungua kifungu chochote cha Katiba.

Ndiyo maana sishangazwi na majibu iliyoyapata Tume ya Jaji Francis Nyalali mwaka 1991. Asilimia 77 hivi ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Wengi husoma takwimu hiyo kama dalili ya woga au ujinga. Tume yenyewe iliona kwamba wengi wa hao walitaka pia mabadiliko makubwa ndani ya mfumo, ikapendekeza vyama vingi, na ikaorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa.

Vyama vingi vilirudi Julai 1992, lakini kadi haikuondoka mlangoni. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana na Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia asiye na chama anaweza kugombea. Bunge likabadili Katiba kumzuia. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikaamua kwamba kizuizi hicho kinavunja haki za raia. Mgombea binafsi bado hajaruhusiwa, na mbunge anayepoteza uanachama wa chama chake bado anapoteza kiti, vyovyote watakavyokuwa wanamtaka waliompigia kura.