Mbona hana hata mchubuko?

Hapa Idete, ukisikia binti amebakwa, swali la kwanza linamwendea yeye: saa hizo alikuwa anatoka wapi? Wa pili atauliza alivaa nini. Yule mwanamume ataulizwa baadaye, akiulizwa. Msimu wa mpunga wazazi wengi huhamia mashamba ya mbali kuamia ndege, watoto wanabaki kijijini wasome. Kila mtu analijua hilo, na bado lawama inamtafuta binti.

Siamini kabisa kwamba huu ni ushamba wetu wa vijijini. Mfano unaoniuma zaidi uko kwa wasomi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Palikuwa na kundi la wanafunzi waliojificha nyuma ya jina la Mzee Punch, wakibandika ukutani maandishi na michoro. Lilianza kwa kejeli za kisiasa, likaishia kuwaandama wanafunzi wa kike, hasa waliokataa wanaume. Levina Mukasa, wa mwaka wa kwanza, aliandamwa hadi akajiua, Februari 1990. Utani wa chuo, eti. Sisi wapenzi wa maandishi tusilipite hili haraka: kazi ile ilifanywa na maandishi, na yalikuwa na wasomaji waliosimama pale wakacheka.

Kifo hicho kiliwaamsha wanaharakati wanawake, wakiwamo TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987. Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Adhabu ya chini kwa mtu mzima aliyebaka ikawa miaka 30 jela. Ila mimi hurudi kwenye kipengele kimoja kidogo: si lazima mwanamke aonyeshe majeraha ndipo ithibitike kwamba hakuridhia. Yaani lile swali la "mbona hana hata mchubuko?" sheria ililifunga. (Mke anayeishi na mumewe ikamwacha nje, kumlazimisha yeye hakuhesabiwi kubaka.)

Mtaani swali hilo bado liko wazi. Sikiliza maneno yetu: "ameharibiwa", "amenajisiwa". Najisi ni uchafu, na hapo uchafu unabaki kwa binti. Aliyetenda hayumo hata kwenye sentensi. Kisha wazee wanakaa, wanapatana fidia, wanasema tumeyamaliza. Fidia anapokea baba. Binti anaendelea kuchota maji kisima kimoja na mama yake yule kijana.