Nani Aliyeandika Sheria ya Wageni?



Juma lililopita, baada ya sala ya jumuiya, mzee mmoja aliniuliza: "Baba, hizi sheria za kuwafungia wageni milango, hasa huzitunga nani? Ni wananchi au ni wakubwa?" Nilimsimulia habari ya Marekani, kwa kuwa kumbukumbu zake ziko wazi, na kwa kuwa wengi wa waliofungiwa mlango huo walikuwa Wakatoliki wenzetu.

Mwaka 1889 Mtakatifu Frances Xavier Cabrini alishuka melini New York. Alitamani kwenda China, lakini Papa Leo XIII alimtuma kwa Waitaliano maskini waliokuwa wakihamia Marekani kwa maelfu. Miaka mitano baadaye, mjini Boston, vijana watatu waliohitimu Chuo Kikuu cha Harvard, Charles Warren, Robert DeCourcy Ward na Prescott Hall, walianzisha umoja wa kuzuia uhamiaji. Hawakuwa wabunge, wala hawakuwa na umati nyuma yao. Walikuwa na kalamu, marafiki wenye vyeo, na subira ya ajabu. Waliandika vijitabu, wakapeleka makala magazetini, wakampata Seneta Henry Cabot Lodge awasemee bungeni. Hoja yao ilivikwa joho la elimu: kila mhamiaji apimwe kama anajua kusoma. Waliwalenga watu wa kusini na mashariki mwa Ulaya, ambako maskini wengi hawakuwa wamepata shule.

Bunge lilikubali, lakini Rais Cleveland aliukataa muswada mwaka 1897. Taft aliukataa mwaka 1913, na Wilson mwaka 1915. Upande wa pili nao ulikuwa na watu wake: kampuni za meli zilizoishi kwa nauli za wahamiaji, wenye viwanda, na vyama vya Wairish na Wajerumani waliokwisha kupata kura. Tusidhani kwamba hawa wote walikuwa watakatifu. Mwenye kiwanda hakumpenda Mwitaliano; alipenda ujira wake mdogo. Kadhalika Samuel Gompers, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi aliyeuunga mkono mtihani huo, alihofia kwamba mishahara ya wanachama wake ingeshuka, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Lakini yeye mwenyewe alizaliwa London na kuletwa Marekani na wazazi wake akiwa na umri wa miaka 13!

Vita vya Kwanza vya Dunia viliongeza woga kwa wageni. Februari 1917, baada ya Wilson kukataa tena, Bunge lilimshinda kwa theluthi mbili ya kura, na mtihani ukawa sheria. Vijana wa Boston walikuwa wamengoja miaka 23. Mwezi ule ule wa Mei sheria ilipoanza kutumika, wenye mashamba makubwa ya kusini-magharibi walipata msamaha kwa vibarua kutoka Mexico. Mgeni aliyehitajika shambani hakuulizwa kusoma.

Mtihani, hata hivyo, haukuwazuia wengi kama ilivyotarajiwa. Basi ukaja mgawo kwa mataifa, kwanza mwaka 1921, kisha kwa ukali zaidi mwaka 1924. Hapa ndipo ninapowaomba msome taratibu. Sheria ya 1924 ilitoa kwa kila taifa asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa Marekani mwaka 1890. Kwa nini irudi nyuma miaka 34? Kwa sababu mwaka 1890 Waitaliano, Wapolandi na Wayahudi walio wengi walikuwa bado hawajafika. Mgawo wa Italia ulishuka kutoka zaidi ya 40,000 kwa mwaka hadi chini ya 4,000. Mtaalamu aliyeishauri kamati ya Bunge, Harry Laughlin, alihubiri kwamba damu ya mataifa fulani ni duni. Karibu Waasia wote walifungiwa kabisa. Hata Tanganyika yetu, iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, iliandikiwa nafasi 100.

Maaskofu wa Marekani walikuwa wamefungua ofisi ya wahamiaji mwaka 1920, na baraza lao liliupinga muswada huo. Walishindwa. Ofisi yao ilikuwa na umri wa miaka minne tu, ilhali wenzao walikuwa wamefanya kazi hiyo kwa miaka 30.

Mzee akauliza: "Na sheria hiyo ilimdhuru nani?" Mwaka 1939 Seneta Robert Wagner na mbunge Edith Rogers walipeleka muswada wa kupokea, nje ya mgawo, watoto 20,000 kutoka Ujerumani ya Hitler, wengi wao Wayahudi. Viongozi wa dini na vyama vya misaada waliuunga mkono. Chama cha askari wa zamani, American Legion, pamoja na vyama vingine vilivyojiita vya kizalendo, viliupinga, vikidai kwamba Marekani ina watoto wake wenye shida. Muswada ulikwama kwenye kamati, haukufika hata kupigiwa kura na Bunge zima.

Mgawo ule wa mataifa ulifutwa kwa sheria ambayo Rais Johnson aliitia saini Oktoba 3, 1965, chini ya Sanamu ya Uhuru. Wale wa watoto hao waliosalimika walikuwa wamekwisha kuwa na watoto wao.